UZI: Namba za Kihispania zilivyozaliwa na Kilatini, na kwa nini ni setecientos wala si sietecientos

Mzizi wa Neno (#1)

Wakuu, heshima kwenu.

Wanaojifunza Kihispania wengi hukariri namba moja moja. Hadi kumi hakuna shida, hadi kumi na tano wanajikongoja, halafu wakifika 70, 500, 700 na 900 mambo yanaharibika: sietenta, cincocientos, sietecientos, nuevecientos. Naelewa kwa nini mtu anaandika hivyo. Anachukua siete, anaongeza cientos, anaona amemaliza. Lakini namba hizi hazikuundwa kwa kuunganishwa hivyo. Zilishuka kutoka Kilatini, na zikiwa njiani zilipita kwenye mabadiliko ya sauti yaliyoyagusa maneno yote ya lugha hiyo. Ukiyajua mabadiliko machache tu, orodha nzima inajieleza yenyewe.

Kilatini kiliingia rasi ya Iberia na majeshi ya Roma kuanzia 218 KK. Kilichoendelea kusemwa huko ni Kilatini cha askari, wakulima na wachuuzi. Kwa hiyo tusishangae umbo la kwenye vitabu vya Kilatini likitofautiana kidogo na lile lililozaa neno la leo.

unum > uno
duos > dos
tres > tres
quattuor > cuatro
quinque > cinco
sex > seis
septem > siete
octo > ocho
novem > nueve
decem > diez

Mkazo. Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote, anza nayo. Kilatini kilitofautisha irabu fupi na ndefu. E fupi iliyokuwa kwenye silabi ya mkazo ikawa *ie*. O fupi yenye mkazo ikawa *ue*. Ndiyo maana septem ni siete, decem ni diez, centum ni ciento, novem ni nueve. E ya tres ilikuwa ndefu, haikuguswa. Sasa angalieni: mkazo ukihamia silabi nyingine, irabu haipasuki. Katika septuaginta mkazo ulikuwa kwenye -gin-, si kwenye sep-, hivyo tunapata setenta. Katika setecientos na novecientos mkazo uko kwenye -cien-, kwa hiyo mwanzo unabaki *sete-* na *nove-*. Mtu akishika hili tu, makosa matatu kati ya manne niliyotaja juu yanaisha.

ct ikawa ch. Octo > ocho, noctem > noche, lactem > leche, factum > hecho. Ile k ililegea ikawa kama y, kisha y ikailainisha t. Kireno kilisimama katikati ya safari hiyo: oito, noite, leite.

pt ikawa t, na m ya mwisho ikadondoka. Septem > siete. M ya mwisho ilianza kupotea mapema sana. Maandishi ya ukutani ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79 BK, mara nyingi hayaiandiki.

c mbele ya e na i. Warumi walitamka decem kama "dekem" na centum kama "kentum". Baadaye sauti hiyo ikawa "ts", na mwisho ikagawanyika: sehemu kubwa ya Hispania wanaitamka kama th ya "thelathini", Amerika ya Kihispania na baadhi ya sehemu za Andalusia, kusini mwa Hispania, ni s tu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Dau la Mtepe (#2)

Mkuu shukrani, hii ya mkazo imekaa vizuri. Swali: quinque imetoa cinco yenye c laini, lakini quindecim imetoa quince yenye k. Mwanzo wa maneno yote mawili ni ule ule, *quin-*. Kanuni imevunjika?

Fundi Sarufi (#3)

Haikuvunjika, ndugu Dau. Hapa pana mpangilio mzuri sana na inafaa tuupitie taratibu.

Quinque ina *qu* mbili, yaani sauti kw, katika neno moja. Midomo inaviringwa mara mbili kwa mfululizo, na lugha nyingi hukwepa kurudia sauti ya namna hiyo. Kilatini cha mitaani kikaidondosha w ya kwanza, neno likawa *cinque*, na umbo hilo limekutwa kwenye maandishi ya kuchongwa ya zama za Warumi. Kwa hiyo wakati c mbele ya i ilipoanza kulainika, cinque ilikuwa tayari ina c mbele ya i. Ikalainika pamoja na decem na centum. O ya mwisho katika cinco huelezwa kuwa imevutwa na cuatro, kwa sababu watu wanapohesabu maneno haya hufuatana.

Quindecim ina *qu* moja tu. Hakuna cha kukwepa. W ikabaki, ikawa ngao kati ya k na i wakati wa kulainika. Ilipokuja kudondoka baadaye, kipindi cha kulainika kilikuwa kimeshapita, na k ikabaki ngumu: quince, hutamkwa na "ki".

Jaribu kanuni hiyo kwenye ukoo mzima:

quinque (qu mbili) > cinco
quinquaginta (qu mbili) > cincuenta
quindecim (qu moja) > quince
quingentos (qu moja) > quinientos
quintus (qu moja) > quinto

Haina upungufu hata mmoja. Anayejiuliza kama 50 ni "quincuenta" au 500 ni "cincocientos" ana jibu hapo.

Cuatro nayo ilipitia jambo dogo: quattuor ilifupishwa ikawa quattor, kisha r na o zikabadilishana nafasi.

Bi Tarakimu (#4)

Naomba nibane kidogo kwenye kanuni ya mkazo aliyoitoa Mzizi wa Neno. Sex ina e fupi, na mkazo uko hapo hapo maana neno lina silabi moja. Octo ina o fupi yenye mkazo. Kwa kanuni yako tungepata "sieis" na "uecho". Mbona hatukupata?

Mzizi wa Neno (#5)

Swali la haki kabisa, Bi Tarakimu, na jibu linaimarisha kanuni.

Irabu fupi yenye mkazo haikupasuka pale ilipofuatwa na ile sauti ya y. Y huinua ulimi, inaibana e au o iliyotangulia, isipate nafasi ya kufunguka. Octo ilipitia "oyto" kabla ya kuwa ocho, kwa hiyo o ilishabanwa. Ni hivyo hivyo kwa noctem: noche, si "nueche". Katika sex, ile *x* ilikuwa "ks". K ikawa y, tukapata seis. Hiyo i unayoiona ndani ya seis ndiyo y yenyewe.

Sasa shahidi. Kutoka sex Kilatini kina sexta, yaani ya sita. Hapo x ilifuatwa na t, konsonanti tatu zikasongamana, na "ks" ikapunguzwa mapema kuwa s tu: sesta. Hakuna k, kwa hiyo hakuna y. E ikapasuka kama kawaida: siesta. Mzizi mmoja, mazingira mawili ya sauti, matokeo mawili.

Na kwa msemaji wa Kiswahili siesta haina haja ya maelezo mengi. Ni hora sexta. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo saa yao ya sita iliangukia adhuhuri, sawasawa na saa sita mchana yetu. Mhispania wa leo akitazama saa anasema "las doce", yaani 12, lakini usingizi wake wa mchana bado unabeba saa sita.

Bi Tarakimu (#6)

Nimeridhika. Tuendelee na 11 hadi 19, maana pale 16 pana mkatiko wa ghafla.

Fundi Sarufi (#7)

Kilatini kilikuwa na maneno mazima kuanzia 11 hadi 17, yote yakiishia na *-decim*:

undecim > once
duodecim > doce
tredecim > trece
quattuordecim > catorce
quindecim > quince
sedecim > seze (Kihispania cha kale)
septendecim > haikudumu

Utaratibu ni mmoja. E ya katikati haikuwa na mkazo, ikamezwa. D na c zikakutana zikawa sauti moja, "dz". Kihispania cha kale kiliandika onze, doze, treze, catorze, quinze, kwa z, na Kireno bado kinaandika hivyo. Sauti hiyo ilipoungana na ile ya c, jambo lililokamilika karne ya 16, tofauti ya matamshi ikaisha. Akademia ya Kifalme ya Hispania, iliyoanzishwa 1713, ikaja kusanifisha c mbele ya e na i. Ndiyo maana leo ni once kwa c lakini diez kwa z: kwenye diez hakuna irabu inayofuata. Ukiongeza irabu, z inageuka: diez, dieciséis.

Katika catorce utaona *qua-* imekuwa *ca-*, tofauti na cuatro. Silabi hiyo haikuwa na mkazo, na w ya silabi isiyo na mkazo ilidondoka kirahisi. Neno quasi lilifanya vivyo hivyo likawa casi.

Kuhusu 16: seze ilikuwepo, lakini ilishindwa na *diez y seis*, yaani kumi na sita kwa mpangilio ule ule wa Kiswahili. Kila lugha iliyotokana na Kilatini ilikata mahali pake. Kifaransa, Kiitaliano na Kikatalani zimehifadhi la zamani hadi 16 (seize, sedici, setze) na zinaanza kuunganisha kwenye 17. Kihispania na Kireno zinaanza kuunganisha kwenye 16. Kiromania kiliacha yote na kujenga kwa mtindo wa Kislavoni, "moja juu ya kumi".

Na 18 na 19 za Kilatini zilihesabiwa kwa kutoa: duodeviginti ni "mbili kutoka ishirini", undeviginti ni "moja kutoka ishirini". Hazikusalia katika lugha yoyote kati ya hizo.

Mkalimani Mtulivu (#8)

Niongezee upande wa uandishi, maana ndipo mitihani inapokata alama.

16 hadi 19 na 21 hadi 29 huandikwa neno moja: dieciséis, diecisiete, veintiuno, veinticuatro. Alama ya mkazo ni lazima kwenye dieciséis, veintidós, veintitrés, veintiséis, na veintiún. Sababu: neno linaloishia na s au n likiwa na mkazo kwenye silabi ya mwisho huwekewa alama. Dos, tres na seis zikiwa peke yake zina silabi moja, haziwekewi. Kuanzia 31 tenganisha: treinta y uno, cuarenta y dos. Akademia inaruhusu pia treintaiuno kwa neno moja, lakini wengi wanaandika kwa kutenganisha, na kwenye mtihani ningefuata wengi.

Makumi yenyewe yametoka *-ginta*. G mbele ya i ililegea hadi ikatoweka, irabu zikagongana, zikaungana:

viginti > veínte > veinte
triginta > treínta > treinta
quadraginta > quaraenta > cuarenta
quinquaginta > cinquaenta > cincuenta
sexaginta > sessaenta > sesenta
septuaginta > setaenta > setenta
octoginta > ochaenta > ochenta
nonaginta > novaenta > noventa

Hatua za katikati zinaonekana katika maandishi ya Kihispania cha zama za kati. Veinte na treinta zamani zilitamkwa silabi tatu, ve-ín-te, tre-ín-ta, kisha mkazo ukarudi nyuma. 90 imetengenezwa upya: Kilatini kina *non-*, lakini wasemaji waliivuta ifanane na nueve. Na 60: angalieni ni *ses-*, si "seis-". Seisenta ni kosa la kawaida mno.

Dau la Mtepe (#9)

Na mia? Hapo ndipo quinientos inakaa peke yake kama mgeni.

Mkalimani Mtulivu (#10)

Kinyume chake: quinientos ndiyo mwenyeji, wengine wote wamejengwa upya.

Kilatini: ducenti, trecenti, quadringenti, quingenti, sescenti, septingenti, octingenti, nongenti. Kihispania cha kale bado kilikuwa na dozientos na trezientos, zilizoshuka moja kwa moja. Baadaye wasemaji wakaanza kuunganisha namba na *cientos* waziwazi: doscientos, trescientos, cuatrocientos, seiscientos, ochocientos. 700 na 900 nazo zilijengwa hivyo, ila zikiwa na sete- na nove-. Quingentos pekee ndiyo iliyopenya nzima. *Ng* mbele ya e ikawa ñ, ikatoka quiñientos, kisha quinientos.

Jambo jingine linatoka Kilatini moja kwa moja: 200 hadi 900 zilikuwa na jinsia, ducenti kwa ya kiume, ducentae kwa ya kike. Hiyo imebaki. Doscientos libros, doscientas páginas. Makumi hayakuwa na jinsia katika Kilatini na hayana leo. Namba 1 ilikuwa nayo na bado inayo: un, una. Namba 2 ilikuwa nayo (duos, duas) lakini Kihispania kimeipoteza. Kireno kinayo bado, dois na duas. Sisi hatuna haki ya kulalamika, tunasema watu wawili kwa kiambishi lakini watu sita bila kiambishi, kwa sababu sita ilitoka Kiarabu.

Sasa mitego ya msemaji wa Kiswahili hasa. Hii haimo kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza, kwa hiyo isomeni vizuri.

Sisi tunataja mia kwanza, idadi yake baadaye. Mhispania anafanya kinyume. Ukitafsiri neno kwa neno:

mia moja > "ciento uno", na hiyo ni 101
mia mbili > "ciento dos", na hiyo ni 102
elfu moja > "mil uno", na hiyo ni 1,001
elfu mbili > "mil dos", na hiyo ni 1,002

Msikilizaji hatajua kwamba umekosea, kwa sababu ulichosema ni namba halali. Kwenye bei au kiasi cha dawa hilo ni kosa la hatari. Sahihi ni cien, doscientos, mil, dos mil. Laki moja ni cien mil.

Mtego wa pili ni "na". Mia moja na tano si "ciento y cinco", ni ciento cinco. Katika Kihispania cha leo *y* inakaa kati ya makumi na mamoja tu: ciento cuarenta y cinco. Zamani iliruhusiwa baada ya mia na elfu, ndiyo maana hadithi za Alfu Lela Ulela kwao bado zinaitwa Las mil y una noches.

Mtego wa tatu: cien hutumika ikisimama peke yake, mbele ya nomino, na mbele ya mil na millones. Ikifuatwa na namba ndogo ni ciento. Cien casas, cien mil, ciento tres.

Bi Tarakimu (#11)

Mmeacha sifuri na milioni.

Mzizi wa Neno (#12)

Sifuri haikutoka Kilatini kabisa, na Warumi hawakuwa na tarakimu yake. *Cero* ni ndugu wa damu wa sifuri yetu. Kiarabu *sifr*, yaani tupu, kilichukuliwa na Kilatini cha wasomi. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, aliandika zephirum mwaka 1202. Waitaliano wakaifupisha kuwa zero, Kihispania kikaipokea kama cero. Sifr hiyo hiyo ilipita njia ya pili ikawa *cifra*, yaani tarakimu.

*Mil* ni mille. Wingi wa Kilatini, milia, haukubaki, kwa hiyo dos mil, cinco mil, bila s. *Millón* asili yake ni Kiitaliano, mille yenye kiishio cha kukuza, "elfu kubwa". Kwa kuwa ni nomino, inataka *de* mbele ya kitu: un millón de pesos. Lakini ikifuatwa na namba nyingine *de* inaondoka: un millón doscientos mil pesos.

Tahadhari kubwa kwa wanaotafsiri habari za uchumi: bilioni ya Kiswahili ni milioni elfu moja. *Billón* ya Kihispania ni milioni milioni, yaani trilioni yetu. Bilioni tatu za shilingi ni *tres mil millones de chelines*. Neno millardo lipo pia, Akademia ililikubali mwaka 1995 kwa pendekezo la Rais Rafael Caldera wa Venezuela, ila wengi bado wanasema mil millones.

Dau la Mtepe (#13)

Za mpangilio, ya kwanza, ya pili, zinafuata kanuni hizo hizo?

Fundi Sarufi (#14)

Kwa kiasi. Primero haikutoka primus bali primarius, na tercero ni tertiarius. Primus yenyewe imebaki kama *primo*, binamu, kutoka consobrinus primus. Segundo ni secundus, "anayefuata". Sexto, séptimo na décimo ziliingizwa baadaye na wasomi kutoka vitabuni, ndiyo maana e zake hazikupasuka na pt haijawa t. Decimus ya mitaani ipo pia: *diezmo*, zaka.

Quadragesima, ya arobaini, imekuwa cuaresma, na Wakatoliki wetu wanaijua kwa jina la Kwaresima.

Septiembre hadi diciembre ni 7 hadi 10 kwa sababu mwaka wa kale wa Roma ulianza Machi.

Dau la Mtepe (#15)

Najaribu 517,979 nione kama nimeelewa: *quinientos diecisiete mil novecientos setenta y nueve*. Na kwa peseta, sarafu ya zamani ya Hispania, neno la kike: *quinientas diecisiete mil novecientos setenta y nueve pesetas*?

Mkalimani Mtulivu (#16)

Ya kwanza sahihi yote. Ya pili rekebisha novecientos: *quinientas diecisiete mil novecientas setenta y nueve pesetas*. Mia zote mbili zinafuata pesetas, hata ile iliyo upande wa pili wa mil. Diecisiete na setenta y nueve hazibadiliki. Kama ingekuwa 517,971 ungebadilisha pia ya mwisho: setenta y una pesetas.